Sheria Ilitangulia, Dola Ikafuata: Nani Hutunga, Nani Huhukumu, Nani Huadhibu

Kila mahakama inapotengua sheria iliyopitishwa na bunge, ubishi huwa uleule. Wapo wanaouliza majaji ambao hawakupigiwa kura na mtu wanapata wapi ubavu wa kufuta kazi ya wabunge. Wapo wanaojibu kwamba hata serikali iko chini ya sheria, basi mjadala umekwisha. Ukiwasikiliza vizuri utaona pande zote mbili zinaamini jambo moja: kwamba dola ndiyo iliyoizaa sheria, na kwamba imekuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya historia, mtawala kutunga sheria mpya lilikuwa jambo la nadra, na mahali pengine lilihesabiwa kuwa kufuru.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo watu wanapopotezana. Dola ni mamlaka ya kudumu juu ya eneo na watu wake. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja sifa nne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Mwanazuoni Mjerumani Max Weber alikuwa ameshagusa, katika mhadhara wa 1919, jambo ambalo mkataba huo unaliacha: dola ni chombo kinachodai, na kufanikiwa kukubaliwa, kwamba ndicho pekee chenye haki ya kutumia nguvu katika eneo lake. Serikali ni watu wanaoiendesha dola kwa wakati fulani. Wao huja na kuondoka, dola hubaki, pamoja na madeni yake. Taifa ni watu wanaojiona wamoja kwa lugha, historia au dini. Wakurdi ni taifa lisilo na dola, na ziko dola zilizobeba mataifa mengi ndani yake.

Sheria je? Ni kanuni yenye kazi tatu nyuma yake: kuna inakotoka, kuna anayeamua nani kaivunja, na kuna anayehakikisha uamuzi unatekelezwa. Tumezoea kuona kazi zote tatu mikononi mwa dola, ndiyo maana tunadhani haziwezi kuachana. Lakini tazama watoto wanaocheza mpira bila refa. Sheria wanazo: kila mmoja anajua kushika mpira kwa mkono ni kosa. Ubishi ukizuka huamua mkubwa wao au kelele za wengi, na timu iliyokosewa hujitekelezea adhabu yenyewe kwa kuuweka mpira chini na kupiga. Historia ya dola, kwa sehemu kubwa, ni ya refa aliyealikwa kuamua ubishi, akaishia kumiliki kadi, na mwishowe akajipa kazi ya kuandika sheria za mchezo.

Sheria pasipo mfalme

Mfano wenye kumbukumbu nzuri ni wa Iceland. Walowezi, wengi wao kutoka Norwei, walianzisha mkutano wa kisiwa kizima, Althing, mwaka 930. Ulikaa kila kiangazi. Ulikuwa na mahakama, ulikuwa na taratibu ndefu za kufungua shauri, kuita mashahidi na kuapa, na kosa dogo la utaratibu liliweza kuangusha kesi nzima. Hapakuwa na mfalme, polisi, jela wala jeshi. Palikuwa na msema sheria, aliyezihifadhi kichwani na kuzitamka mbele ya mkutano, theluthi moja kila mwaka, hadi zinaisha kwa miaka mitatu. Kuziandika kulianza majira ya baridi ya 1117 hadi 1118 tu, karibu karne mbili baadaye.

Aliyeshinda kesi alikabidhiwa hukumu, basi. Kuitekeleza kulimhusu yeye na jamaa zake. Mkaidi alitangazwa kuwa nje ya sheria: mali yake ilichukuliwa, kumlisha au kumficha lilikuwa kosa, na akiuawa hapakuwa na wa kumdai fidia. Tatizo linaonekana mara moja: mnyonge atamtekelezea vipi hukumu mwenye nguvu? Waiceland walikuwa na jibu, nalo ni kwamba dai liliweza kuhamishwa. Mnyonge alimkabidhi mkubwa mwenye watu, huyo akalifuatilia kama lake na kunufaika nalo. Dawa hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ugonjwa, kwa sababu madai na wafuasi vilijikusanya kwa koo chache. Karne ya 13 koo hizo zikapigana, na kuanzia 1262 kisiwa kikakubali kumlipa kodi mfalme wa Norwei.

Wafugaji wa Kisomali wana xeer, mfumo wenye mantiki ya karibu na hiyo na unaofanya kazi hadi leo. Humo anayewajibika ni kundi la jamaa wa upande wa baba waliokubaliana kulipa na kupokea diya, yaani fidia ya damu, pamoja, na kwa kawaida uhai wa mwanamume umehesabiwa kuwa ngamia 100. Mzigo huo ukigawanywa kwa kundi zima, kila mmoja anapata sababu ya kumdhibiti ndugu mkorofi kabla hajawatia hasarani. Hiyo ni kazi ya polisi, inafanywa bila polisi.

Dola ilianza na hesabu

Maandishi ya kale kuliko yote tunayoyajua yanatoka Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, takribani mwaka 3200 KK. Ukitarajia sheria humo utakosa. Vibao vile vya udongo vinaorodhesha shayiri, bia, kondoo na posho za vibarua. Kabla ya kujitangaza kuwa hakimu, dola ilikuwa karani: ilijua nani kaleta nini na nani anadaiwa nini. Hesabu hizo ndizo zilizowezesha kulisha watu wasiolima, yaani askari, makuhani na makarani wenyewe, na bila watu hao hakuna hukumu inayoweza kupelekwa mbali na macho ya mfalme.

Wengi huhitimisha kutokana na hapo kwamba pasipo maandishi hakuna dola. Wainka wa Amerika Kusini wanaikanusha hoja hiyo vizuri. Walitawala ukanda wa milima ya Andes wenye urefu wa maelfu ya kilomita, wakatoza kazi badala ya fedha, wakapanga kaya kwa mafungu ya 10, 50, 100, 500, 1,000, 5,000 na 10,000, kila fungu na msimamizi wake. Kumbukumbu zote hizo ziliwekwa kwa vifundo vya kamba, khipu. Dola inahitaji kuhesabu, na herufi ni njia mojawapo tu.

Sasa tumfikie Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala kuanzia 1792 hadi 1750 KK, maana dhana potofu nyingi zimejazana kwake. Nguzo yake ya jiwe jeusi, yenye urefu wa mita 2.25, ilichimbuliwa Susa, Iran, mwaka 1901, na sasa iko Louvre mjini Paris. Watu huambiwa kuwa ni sheria ya kwanza duniani na kwamba msingi wake ni jicho kwa jicho. Yote mawili yana kasoro. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, katika mji wa Ur, palikuwa na mkusanyiko unaohusishwa na mfalme Ur-Nammu, na humo aliyemtoa mwenzake jicho alilipa nusu mina ya fedha, kama gramu 250. Kwa hiyo katika maandishi tuliyonayo fidia ndiyo iliyotangulia, na jicho kwa jicho likafuata. Hata kwa Hammurabi mwenyewe, jicho lilitolewa kwa jicho pale tu wote wawili walipokuwa wa tabaka la juu. Jicho la mtu wa tabaka la chini lililipwa mina moja ya fedha. La mtumwa, nusu ya bei yake.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo husemwa mara chache. Tunazo hati nyingi mno za mikataba na hukumu za zama zile, na ni nadra sana kukuta hakimu akitaja nguzo hiyo. Mahakimu waliamua kwa desturi ya mahali na kwa ushahidi uliokuwa mbele yao. Nguzo yenyewe inasomeka kama mkusanyiko wa hukumu za mfano, uliochongwa ili miungu na watu waone kuwa mfalme ni mwadilifu. Kwenye maneno ya mwisho Hammurabi anamwambia aliyeonewa aje asomewe apate kujua haki yake. Hapo tunamwona refa akijitangaza. Na anaahidi mengi: mnyang'anyi asipokamatwa, inasema nguzo, mji na gavana wa eneo lile watamlipa aliyeibiwa.

Amri zilizotekelezwa kweli zilikuwa za aina nyingine. Wafalme wa Babeli mara kwa mara walifuta madeni ya wakulima, hasa walipoingia madarakani, ili watu waliojiweka rehani warudi makwao na jeshi lisikose askari. Wakopeshaji nao hawakulala. Waliandika mkopo kwenye kibao kana kwamba ni mauzo au amana, ili amri isiuguse. Amri ya mfalme Ammi-saduqa, ya karne ya 17 KK, inautaja ujanja huo waziwazi na kuuadhibu, huku ikiiacha kando mikopo ya biashara. Kwangu mimi, mtu akitaka kuona dola ikianza kutunga sheria kwa maana tunayoielewa leo, aitazame amri hii kabla ya nguzo ya Louvre.

Roma, na mtu aliyepiga watu makofi

Mbao Kumi na Mbili za Roma, za mwaka 451 hadi 450 KK, zinaonyesha refa ambaye bado hajapewa kadi. Ukimdai mtu, ulimwita mahakamani wewe mwenyewe. Akikataa, uliita mashahidi kisha ukamkamata. Akiwa mgonjwa au mzee, ulimpatia mnyama wa kumbeba. Aliyekiri deni alipewa siku 30. Zikiisha, mdai aliweza kumfunga minyororo nyumbani kwake kwa siku 60, na katika muda huo kumpeleka sokoni siku tatu za gulio mfululizo, deni likitangazwa, labda atatokea wa kumkomboa. Asipotokea, mdaiwa aliweza kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber. Dola ilitoa utaratibu na ofisa wa kuusimamia. Mabavu yalikuwa ya mdai.

Mbao hizo pia zilipanga bei za maumivu: kuvunja mfupa wa mtu huru ilikuwa asi 300, wa mtumwa 150, na usumbufu mdogo kama kofi, asi 25. Asi ilikuwa sarafu ya shaba, na thamani yake iliporomoka kadiri karne zilivyopita. Mwandishi Aulus Gellius anahifadhi kisa cha Lucius Veratius, tajiri aliyependa kutembea akiwapiga watu huru makofi, nyuma yake mtumwa na mfuko wa sarafu, akimhesabia kila aliyepigwa asi zake 25 palepale. Hakuvunja sheria; aliilipa. Maofisa wa mahakama walioitwa mapretori ndipo wakaacha bei ile na kuweka waamuzi wa kukadiria fidia kwa kila tukio. Faini iliyoandikwa kwa kiasi kisichobadilika huharibika hivyo popote fedha inaposhuka thamani, na ndiyo sababu baadhi ya nchi siku hizi huandika faini kwa vipimo vinavyobadilishwa bila kurekebisha kila sheria.

Kumbuka pia aliyefanya marekebisho hayo. Halikuwa bunge. Pretori alitangaza kila mwaka mashauri atakayoyapokea na nafuu atakazotoa, na sheria ikakua kupitia mlango huo. Mwaka 242 KK aliongezwa pretori wa pili, wa mashauri yenye wageni ndani yake, kwa sababu biashara ilikuwa imeishinda sheria iliyotungiwa raia peke yao.

Uchina ilianzia upande mwingine

Mpangilio wa refa, kadi, kalamu unavurugika ukifika Uchina, ambako dola ilishika kalamu na fimbo mapema mno. Mwaka 536 KK waziri Zichan wa dola ndogo ya Zheng aliamuru sheria za adhabu zisubiwe kwenye chombo cha shaba. Shuxiang, ofisa wa dola ya Jin, alimwandikia kumlaumu: watu wakishayajua maandishi hawatawaogopa wakubwa wao, watabishana kwa kila neno. Tumezoea kudhani kuandika sheria ni jambo ambalo kila mtu angelifurahia. Huyu aliona, na hakukosea, kwamba sheria iliyoandikwa humfunga na anayeitumia.

Dola ya Qin ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 356 KK Shang Yang aliziandikisha kaya katika makundi ya tano na kumi, zikawajibika kwa makosa ya wenzao: ukijua na usiseme, umekosa. Mwaka 221 KK Qin ikaziunganisha dola zote za Uchina. Jinsi utawala huo ulivyofanya kazi tunajua kwa sababu mwaka 1975, huko Shuihudi katika jimbo la Hubei, lilifukuliwa kaburi la ofisa mdogo aliyefariki mwaka 217 KK, likiwa na zaidi ya vipande 1,100 vya mianzi vilivyoandikwa sheria na miongozo ya kazi yake. Ng'ombe wa serikali akikonda kwa kulima, msimamizi alichapwa viboko kumi kwa kila inchi iliyopungua kiunoni mwa ng'ombe. Humo pia mna mwongozo wa kuhoji watuhumiwa, unaosema kuwa bora ni kupata ukweli bila kumpiga mtu.

Qin ilianguka upesi. Mwaka 206 KK Liu Bang, aliyekuja kuanzisha nasaba ya Han, aliwaahidi watu sheria tatu tu: muuaji atauawa, na mwenye kujeruhi au kuiba ataadhibiwa. Ahadi tamu, ila haiwezi kukusanya kodi wala kulisha jeshi, na haikupita muda mrefu Han wakarejesha sehemu kubwa ya vitabu vya Qin. Baadaye mkusanyiko wa nasaba ya Tang wa mwaka 653, wenye vifungu 502, uliigwa Japani, Korea na Vietnam. Sheria hizo zilikuwa kwanza maagizo kwa maofisa: adhabu ipi kwa kosa lipi, ili ofisa asijiamulie. Mashauri ya ndoa, mipaka na madeni mara nyingi yalimalizwa na ukoo au wasuluhishi.

Sheria ya wanazuoni

Mahali pengine sheria ilitoka kwa watu wasio na askari hata mmoja. Roma ilikuwa na wanazuoni waliotoa maoni juu ya mashauri magumu, na uzito wa maoni hayo ulitokana na elimu yao. Yalirundikana mpaka mfalme Justinian akaamuru yachujwe. Jopo lililoongozwa na Tribonian lilisema limepitia karibu vitabu 2,000, mistari milioni tatu, na kuipunguza hadi 150,000. Matokeo yake, Digesta ya vitabu 50, yalitangazwa mwaka 533, na Justinian akapiga marufuku kuyaandikia ufafanuzi. Marufuku hiyo haikuwazuia watu.

Katika Uislamu hali hii ilifika mbali zaidi, na ndipo penye mkanganyiko mkubwa wa siku hizi. Watu husema "sharia" kana kwamba ni kitabu kimoja chenye vifungu na namba. Sharia ni njia aliyoiweka Mungu. Fiqhi ni jitihada ya wanazuoni kuielewa kutoka kwenye Kurani, Suna na mbinu za kukisia na kulinganisha. Jitihada hukubali tofauti, ndiyo sababu Wasuni wana madhehebu manne, ya Abu Hanifa (aliyefariki 767), Malik (795), Shafii (820) na Ahmad ibn Hanbal (855), na Washia wana yao. Mufti hutoa fatwa, ambayo ni jibu la kielimu na haimfungi mtu kama hukumu. Kadhi hutoa hukumu inayowafunga waliofika mbele yake, ila haiwi sheria kwa kesi ya kesho.

Khalifa alimteua kadhi, akamlipa, akamfukuza. Kumtungia sheria ya kuhukumia halikuwa jambo jepesi. Katikati ya karne ya 8 katibu Ibn al-Muqaffa alimshauri khalifa al-Mansur azikusanye hukumu zinazopingana na kuchagua moja ya kutumika dola nzima. Halikufanyika. Watawala walizunguka kwa njia nyingine: mahakama za mazalimu za kusikiliza malalamiko dhidi ya maofisa, na kanuni za kodi, ardhi na adhabu ambazo Waosmani, watawala wa dola ya Kituruki, walizitoa kwa wingi. Dola ya Kiislamu kuiandika fiqhi kwa vifungu ilikuja na Mejelle ya Waosmani, kati ya 1869 na 1876, vifungu 1,851, na hata hiyo iligusa zaidi mikataba na mali, ndoa na mirathi zikaachwa. Anayetaka dola ya leo iandike sharia katika kitabu kimoja cha serikali anaomba kitu cha juzi, ingawa hudhani anaomba cha kale.

Chuma cha moto kilipoondolewa

Ulaya ya zama za kati ilikuwa na tatizo la ushahidi. Kesi isiyo na mashahidi ilipelekwa kwa Mungu: mtuhumiwa alibeba chuma cha moto hatua kadhaa, mkono ukafungwa, na siku tatu baadaye ukafunguliwa. Ukiwa unapona, hana hatia. Ukiwa umeoza, anayo. Padri alihitajika kubariki chuma. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukawakataza mapadri kushiriki, na mahakama zikabaki bila njia yao ya kumaliza ubishi.

Uingereza ilikuwa tayari na kitu cha kushika. Mwaka 1166 mfalme Henry II alikuwa ameagiza watu 12 kutoka kila wilaya ndogo wawataje kwa kiapo wanaoshukiwa uhalifu. Wenyeji kama hao wakageuzwa kuwa waamuzi wa hatia: juri. Mshtakiwa alitakiwa akubali kuhukumiwa nao, na aliyekataa aliwekewa mizigo mizito kifuani hadi akubali au afe, utaratibu uliofutwa mwaka 1772 tu. Ulaya bara waliingia njia nyingine. Kwa kosa la kifo walidai mashahidi wawili walioona kwa macho, au mshtakiwa akiri. Mauaji mengi hayana mashahidi wawili. Likabaki kukiri, na mateso yakaingia mahakamani kupitia mlango huo, yakiwa na kanuni zake za lini na kiasi gani. Kipimo cha ushahidi kilichokusudiwa kumlinda mshtakiwa ndicho kilichomfikisha mikononi mwa mtesaji.

Tofauti hiyo ilikomaa kuwa familia mbili za mifumo ya sheria. Uingereza majaji wa mfalme walizunguka nchi na kuamua kesi, na maamuzi yao yakawa sheria kwa kesi zilizofuata. Ulaya bara walifundishwa Digesta ya Justinian vyuoni, kuanzia Bologna, na mwisho wakaandika vitabu vyao vya sheria. Cha Napoleon wa Ufaransa, cha 1804, kina vifungu 2,281. Cha 4 kinasema jaji akikataa kuhukumu kwa kisingizio kuwa sheria iko kimya anaweza kushtakiwa. Cha 5 kinamkataza kutoa hukumu kama kanuni ya jumla. Soma viwili hivyo pamoja: jaji lazima azibe pengo, na asikiri kuwa amelitungia sheria.

Familia hizo zilisambaa kwa bunduki na kwa hiari. Japani ilijiandikia kitabu cha sheria za madai mwaka 1898 kwa kuiga zaidi Ujerumani, na Uturuki ilichukua cha Uswisi mwaka 1926. Ethiopia, ambayo haikuwa koloni, ilimpa Mfaransa René David kuandaa cha 1960, chenye vifungu 3,367. Kwingineko iliamua tarehe: Kenya ilirithi sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa 22 Julai 1920. Mila ziliachwa zitumike mradi zisipingane na haki na maadili, kwa macho ya hakimu wa kikoloni. Ziliumia pia kwa namna isiyoonekana haraka. Wazee waliulizwa "sheria yenu inasemaje?", na jibu lililozoea kupimwa upya katika kila baraza likaandikwa, likaganda.

Nani amfunge mfalme

Refa akishashika kadi na kalamu, linabaki swali la nani atampulizia yeye filimbi. Magna Carta, iliyotiwa muhuri na mfalme John Juni 1215, husifiwa kama chimbuko la haki za wote. Wengi wa wakulima wa wakati ule, waliofungwa kwenye ardhi za mabwana, hawakuwa "watu huru" waliotajwa na kifungu cha 39. Kifungu kilichobeba ujasiri ni cha 61: mabwana 25 wachaguliwe, na mfalme akikiuka waweze kumnyang'anya ngome na ardhi mpaka arekebishe. Yaani utekelezaji kwa mabavu ya mdai, sasa dhidi ya mfalme. Papa Innocent III aliifuta hati hiyo baada ya kama wiki kumi, vita vikazuka, na ilipotolewa upya mwaka uliofuata kifungu cha 61 hakikuwemo.

Jibu la kudumu zaidi lilichelewa. Kesi ya Marbury dhidi ya Madison, mwaka 1803, ndiyo ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia kutangaza kuwa kifungu cha sheria ya bunge kinachopingana na katiba ni batili. Katiba ya 1787 haisemi hivyo kwa maneno. Mahakama ilihitimisha hivyo kutokana na kuwa katiba imeandikwa. Austria, kwa katiba ya 1920 ambayo mwanasheria Hans Kelsen alishiriki kuiandika, ilianzisha mahakama maalumu kwa kazi hiyo, na nchi nyingi zimeiga. Uingereza hadi leo majaji wake hawawezi kuitengua sheria ya bunge. Tangu sheria ya haki za binadamu ya 1998 wanaweza tu kutamka kuwa haipatani na haki hizo, kisha bunge liamue. Kwa hiyo anayeuliza majaji wanapata wapi mamlaka ya kutengua afungue kwanza katiba ya nchi husika. Hakuna jibu moja lililoandikwa kwenye asili ya sheria.

Juu ya dola zenyewe hakuna refa wa namna hiyo. Vitabu vingi husema usawa wa dola ulizaliwa na Mkataba wa Westphalia wa 1648. Mikataba ile kwa kweli ilishughulika sana na dini, ardhi na katiba ya Dola Takatifu ya Kirumi, ambayo iliendelea kuwepo hadi 1806. Usawa huo ulijengeka polepole baadaye, na kilichopatikana kinafanana zaidi na Althing kuliko na mahakama ya nchi yoyote. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilianza kazi The Hague mwaka 1946. Upande ukikaidi hukumu, kifungu cha 94 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinamruhusu aliyeshinda kwenda Baraza la Usalama. Tarehe 27 Juni 1986 mahakama hiyo iliamua kuwa Marekani ilivunja sheria ya kimataifa kwa kuwasaidia waasi wa Nikaragua na kutega mabomu katika bandari zake. Nikaragua ilipoipeleka hukumu Baraza la Usalama, Marekani ilipiga kura ya turufu. Mwaka 1991, baada ya serikali kubadilika, Nikaragua iliondoa dai lake la fidia.